Gadenia ya Mama Rispa

Nyinyi vijana mliobaki kitaluni mliniomba niandike zile habari za udongo nilizokuwa nikizisema kila asubuhi tukijaza mikebe. Mlisema sasa mnajaza kimya kimya na hakuna wa kuwakemea. Nimekubali. Nafasi ninayo ya kutosha. Chumba changu hapa Nyeri kina dirisha moja, meza moja, na jirani anayelala mapema. Mambo ya vyeo sitayagusa. Vilikuwa vichache na havikumea vizuri.

Nilifika Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitoka kwenye kitalu cha miche ya kahawa huku kwetu. Mwenye kitalu kipya alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyetaka mtu anayejua kuotesha. Habari ya lugha hakuifikiria, na mimi pia sikuifikiria. Mahali penyewe mnapajua, upande wa Dunga, karibu na ziwa kiasi kwamba asubuhi tuliwasikia akina mama wakigombania bei ya samaki. Msimamizi alikuwa Mzee Ogola, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Kofia yake ilikuwa imetoboka mahali palepale penye upara, hivyo sikujua ilikuwa ikimsaidia nini.

"Wewe ndio nyar Nyeri?" aliniuliza.

Nyar ni binti, kwa Kijaluo. Jina hilo likanishika tangu siku hiyo. Kuna watu waliofanya kazi nami miaka kumi na hawakujua kwamba nina jingine.

"Ndiyo, Mzee."

"Jaza mkebe."

Nikajaza. Akaupindua, akautazama udongo ulivyoanguka, akasema, "Jaza tena." Alinijazisha hivyo mpaka saa nne. Kisha akaketi juu ya debe na kunieleza kitu ambacho nimewaeleza nyinyi mara nyingi. Mti ulio ardhini, ukikuta udongo mbaya upande huu, mzizi unazunguka kutafuta upande mwingine. Mti ulio mkebeni hauna pa kwenda. Mkebe ni chumba kimoja. Chochote utakachokiingiza humo, kizuri au kibaya, mti utaishi nacho usiku na mchana. Kwa hiyo mtu wa mikebe hana ruhusa ya kubahatisha.

Nilisikiliza vizuri sana, kisha nikaenda kubahatisha.

Kwetu kila mama humwaga jivu la jikoni shambani. Udongo wetu mwekundu ni mchachu, na jivu huupunguzia uchachu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Basi nilipopewa kazi ya kupanda gadenia karibu mia mbili, nilitia koleo moja la jivu kwa kila toroli la udongo, na sikumwambia mtu, kwa sababu kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida kama kutia chumvi kwenye mboga. Baada ya miezi miwili majani yakaanza kuwa ya manjano. Yalikuwa manjano katikati, huku mishipa ikibaki kijani, kama mtu aliyechora mito kwenye ramani. Nikaongeza mbolea. Yakazidi.

Mzee Ogola alichuma jani moja na kuliinua juani.

"Umeweka nini hapa?"

"Jivu, Mzee."

"Nani alikuambia uweke?"

"Kwetu tunaweka."

"Kwenu wapi? Hapa ni kwenu?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akizungumza habari ya udongo. Lakini swali lile lilinikaa masikioni muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Alinipeleka jikoni, akafunua birika la chai na kunionyesha ndani. Kulikuwa na ukoko mweupe wa chokaa, mgumu, mnene kama ganda la yai.

"Hii imetoka kwa maji ya kisima chetu," akasema. "Hayo ndio maua inakunywa kila siku. Sasa wewe unaongeza jivu juu yake. Unataka kujenga nyumba?"

Sikilizeni basi, maana hapa ndipo penye kazi yetu yote. Udongo una pande mbili. Upande mmoja kuna uchachu, ule wa limau na maziwa lala. Upande wa pili kuna jivu, chokaa na magadi. Mimea mingi hupenda katikati, ikiegemea kidogo kwenye uchachu. Gadenia, iksora na azalia huegemea zaidi. Ukiusukuma udongo wao upande wa jivu, madini ya chuma yaliyomo hufungika. Yamo, lakini mzizi hauwezi kuyanywa. Ni kama mtu aliyekalishwa mezani, chakula kipo mbele yake, na mikono imefungwa. Kumwongezea sahani hakumsaidii. Ndiyo maana mbolea yangu haikufanya kitu.

Kupima ni rahisi, na msikubali mtu awaambie kwamba ni mpaka maabara. Chukua vijiko viwili vya udongo kutoka katikati ya mkebe, usichukue wa juu peke yake. Tia kwenye glasi safi pamoja na maji ya mvua, koroga, acha utulie kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Chovya karatasi za litmasi, ile ya buluu na ile nyekundu. Ya buluu ikigeuka nyekundu, udongo ni mchachu. Nyekundu ikigeuka buluu, umeingia upande wa magadi. Zisipobadilika, uko katikati.

Kuponya ndiko kunakotaka subira. Tulivuna maji ya mvua kutoka kwenye paa. Tulichanganya udongo mpya kwa majani yaliyooza chini ya misonobari, maganda ya kahawa, samadi iliyokomaa na mchanga wa mtoni. Kwa kila debe tulitia kijiko kidogo cha unga wa salfa. Salfa haina haraka. Vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoigeuza kuwa uchachu, navyo havisikii kelele za mwenye kitalu. Mwenzetu mmoja alipendekeza tumwage siki ili mambo yaende mbio. Mzee Ogola akamtazama, akasema, "Siki ni ya chipsi." Siki huchachusha kwa siku chache tu, kisha udongo hurudi ulikokuwa. Gadenia zangu, nusu zilipona. Nusu nyingine nilizing'oa mwenyewe, mkebe kwa mkebe, bila kusaidiwa, na nadhani hilo pia lilikuwa somo.

Sasa kuna jambo ambalo sikuwahi kuwaambia tukijaza mikebe. Miaka ile nilikuwa peke yangu sana. Saa ya chakula wenzangu waliketi pamoja kivulini wakizungumza Kijaluo. Hawakunitenga. Mmoja angenigeukia na kunitupia sentensi moja ya Kiswahili, kisha angerudi kwenye mazungumzo yake kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Wakicheka nami nilicheka, nikichelewa kidogo. Baadaye nikaanza kuchukua chakula changu kwenda kula kwenye banda la miche, nikisema nataka kuangalia unyevu. Miche ilipata unyevu mzuri sana miaka hiyo.

Mzee Ogola alistaafu akarudi kwao Pap Onditi. Aliniachia kopo lake la litmasi na agizo moja: "Mtu akileta maua mgonjwa, uliza maji kwanza." Nililifuata agizo hilo bila kukosa, na ndilo lililonipotosha kwa Mama Rispa.

Alikuja kitaluni katikati ya miaka ya tisini, wakati gugumaji lilipokuwa limefunika ziwa, na kila wiki mtu fulani alituletea gunia la gugu lililooza akiapa kwamba ni mbolea ya ajabu. Nilipima kila gunia. Mara nyingi karatasi nyekundu iligeuka buluu, nikashukuru, nikaelekeza gunia kwenye migomba. Basi siku hiyo nilimwona mama wa makamo ya juu, kitambaa cheupe kichwani, akiwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, nikadhani ni gugu tena.

"Daktari wa maua ni nani hapa?" akauliza.

Wenzangu wakaninyooshea kidole. Akafungua gazeti. Ndani kulikuwa na kijiti cha gadenia, majani manjano, mishipa kijani.

Alikuwa mjane kutoka Kombewa. Mumewe ndiye aliyenunua gadenia hiyo kwetu, enzi za Mzee Ogola, akaipanda kwenye nusu pipa kando ya mlango. Watoto walikuwa wameondoka wote. Ochieng', kifungua mimba, alikuwa Nairobi na kila mara alimwandikia barua kumtaka ahamie kwake.

"Anasema huku niko peke yangu," Mama Rispa akaniambia. "Nimemjibu, siendi mahali popote hii maua ikiwa namna hii."

Nilisikia nilichotaka kusikia. Nilisikia kwamba hataki kwenda.

Nilimwambia nitaenda kuiona Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi tulifunga saa sita. Sitawadanganya kwamba ilikuwa bidii ya kazi. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Boma lake lilikuwa limefagiwa mpaka unaona michirizi ya ufagio. Nilipima udongo wa pipa, na karatasi nyekundu ikawa buluu kabla sijaondoa mkono.

"Mama, unaimwagilia maji gani?"

"Ya mvua. Si unaona tangi? Baba Ochieng' aliambiwa hapo kwenu, maji ya mvua peke yake. Sijawahi kuweka ingine."

Nikayapima maji ya tangi. Karatasi hazikubadilika. Mama alikuwa anasema kweli. Nikakwangua udongo wa juu, nikatia mchanganyiko wetu na salfa kidogo, nikamwambia avumilie.

"Kaa ule," akasema.

"Asante, Mama. Nitachelewa gari."

Niliporudi baada ya wiki sita, buluu tena. Safari hiyo nililishuku pipa, labda liliwahi kubeba saruji. Alikuwa na chungu kikubwa cha kuwekea nafaka ambacho hakukitumia tena. Tukakitoboa chini, tukaing'oa gadenia pamoja, tukaosha mizizi kwa maji ya tangi, tukaipanda upya katika udongo niliobeba kwenye gunia kutoka kitaluni.

"Sasa kaa ule."

"Siku nyingine, Mama."

"Nyinyi watu wa Nyeri mnaogopa mboga yetu. Mnajua waru tu!"

Waru ni viazi, kwa lugha ya kwetu. Nikacheka. Ilikuwa kweli kidogo. Lakini zaidi niliogopa kuketi mezani na mtu, maana nilikuwa nimesahau namna ya kufanya hivyo.

Mara ya tatu hata majani machanga yalikuwa yametoka manjano. Udongo ulikuwa mpya, chungu kilikuwa kipya, maji yalikuwa safi, na karatasi ilikuwa buluu. Nilisimama pale na kopo langu mkononi.

"Ochieng' anakuja Desemba," Mama akasema. "Labda maua imezeeka tu. Hata mimi nimezeeka. Usijisumbue, nyathina."

Nyathina ni mtoto wangu. Nilikuwa karibu na miaka hamsini, na hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu mama yangu afariki.

Kisha mvua ikanyesha, ile ya ziwani inayokuja bila kubisha hodi, na gari likawa halifikiki. Mama Rispa akafurahi waziwazi. Akanikalisha, akaninawisha mikono, akaleta ugali na mrenda, ambao yeye aliuita apoth. Sufuria ilikuwa kubwa, ya kutosha nyumba ya watu wanane.

"Nimejaribu kupika kidogo," akasema. "Mkono unakataa."

Tukala. Mrenda ulikuwa laini, unateleza, na nilipochukua tonge la pili akapiga makofi. "Ona! Haijakuua!"

Tulipomaliza, mvua ilikuwa imepungua. Akainua sufuria, akaenda mlangoni, akamimina mchuzi wote uliobaki kwenye chungu cha gadenia, taratibu, kuzunguka shina, akigonga sufuria kwa mwiko ili lisibaki tone.

"Mama! Unaweka nini?"

"Supu."

"Unaweka kila siku?"

"Kila siku. Hii ina nguvu. Mimi nile, yeye nimnyime?"

"Lakini nilikuuliza maji, Mama! Mara tatu!"

"Uliniuliza maji, nikakuambia maji. Hii ni maji? Hii ni supu, nyar Nyeri."

Na mrenda, kama mjuavyo, hulainishwa kwa magadi. Magadi ni upande uleule wa jivu, ila yana nguvu zaidi, na yanaacha chumvi inayouchosha mzizi. Kila jioni, tangu alipobaki peke yake, Mama Rispa aligawana chakula chake na kitu pekee kilichobaki kando ya mlango wake. Na nilikuwa nimekataa kuketi mara mbili, nikauliza swali langu la kitaalamu, nikapata jibu la kweli ambalo halikuwa na faida.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza maji. Mmenisikia nikiuliza wateja: "Kitu gani kinaingia kwenye mkebe huu, tangu asubuhi mpaka jioni?" Hapo ndipo utasikia habari za masalio ya chai, maji ya sabuni, mkojo wa mtoto. Na mteja akikukaribisha chakula, kaa ule.

Nilimweleza polepole. Akaitazama sufuria.

"Kumbe nimekuwa nikimuua."

"Ulikuwa ukimlisha, Mama. Tumbo lake tu ni tofauti na letu."

"Sasa hii yote nani atakula?"

"Mimi," nikasema. "Jumamosi."

Wiki hizo zilizofuata tulikisuuza chungu. Unamimina maji ya mvua mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, yanatoka chini na kuondoka na chumvi, unaacha siku kadhaa, unarudia. Kisha unabadilisha udongo na kungoja. Majani ya manjano hayarudi kijani, kwa hiyo msiyaangalie hayo. Angalieni yanayochipua.

Nami nilienda kila Jumamosi. Tulikula, kisha akanifundisha Kijaluo, na matamshi yangu yalimchekesha mpaka akavua kitambaa cha kichwa kufutia machozi. Hatukuzungumza mambo makubwa. Kuku aliyetaga kwa jirani, bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, padri mpya na mahubiri yake marefu. Nilianza kufua gauni langu zuri kila Ijumaa. Mwezi wa Oktoba machipukizi yakatoka kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na karatasi ya buluu ikageuka nyekundu. Nilimwonyesha. Akaishika kwa vidole viwili kama picha ya mjukuu.

Desemba gadenia ilichanua. Unaisikia harufu yake kabla ya kufika langoni. Jumamosi hiyo niliisikia, na nilipoingia nikaona pikapu, na masanduku, na magodoro yamefungwa kwa kamba.

Mama Rispa alikuja kunipokea mbio, amevaa viatu.

"Nyar Nyeri, umeona? Amepona! Nilimwambia Ochieng', mgonjwa hawezi kusafiri. Ngoja apone kwanza. Sasa tunaweza kwenda."

Ndipo nikaelewa maneno aliyoniambia siku ya kwanza.

Ochieng' alikuwa mtu mzima mpole, mikono ya shati imekunjwa. Akanisalimia kwa heshima, kisha akaniuliza, akiwa amesimama karibu na chungu, "Madam, hii maua itakaa Nairobi kweli? Kule kuna baridi. Mama amesema wewe ukisema hapana, yeye haendi."

Mama Rispa alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mlangoni, akinitazama.

Ningeweza kusema baridi itaiua. Neno moja. Mtaalamu nilikuwa mimi, na hakuna mtu Kombewa nzima ambaye angenipinga. Lakini nilizaliwa kwenye udongo mwekundu kama ule wa Nairobi. Nilijua ni mchachu wenyewe, bila salfa ya mtu. Nilijua maji ya bomba ya kule ni laini na hayaachi ukoko kwenye birika. Ikiwekwa kwenye ukuta wenye jua, gadenia ile haingemhitaji mtu wa kuihangaikia. Haingenihitaji mimi.

"Itakaa vizuri," nikasema. "Vizuri kuliko hapa."

"Kweli?" akauliza Mama.

"Kweli, Mama."

Nikachana karatasi kwenye daftari, nikamwandikia Ochieng': udongo mwekundu, majani yaliyooza, jua la asubuhi, jivu hapana. Supu hapana, hata kijiko. Nilipoisoma kwa sauti Mama akacheka, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka chungu kilipofungwa kwa magunia na kuinuliwa kwenye pikapu. Aliketi mbele. Alinipungia mkono mpaka kona.

Watu watawaletea mikebe yao wakiwa na swali jingine nyuma ya swali la udongo, na siku nyingine nyinyi pia mtakuwa na jibu jingine nyuma ya jibu. Wakiwauliza udongo, wajibuni udongo. Ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia, na hakuna atakayeiona, lakini mnaiweza. Nimewaona mkifanya kazi.

Jumamosi iliyofuata tulifunga saa sita kama kawaida. Wenzangu wakaenda zao. Mimi nilibaki kwenye banda, nikachota maji ya mvua, nikapima mikebe ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, mmoja baada ya mwingine, mpaka karatasi zikaisha.